Dawa ya Mzizi, Siyo ya Mizizi

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, Ndugu uliyetumwa na Mkoa kuja kutufungulia ghala. Viongozi mliofuatana naye. Mwenyekiti wa kijiji chetu, Ndugu Selemani. Wageni wa vijiji jirani. Wazee wetu, shikamooni. Na ninyi wengine wote, mwangaluka.

Sisi wanakijiji wa Itongolo tunakupokea kwa mikono miwili, wewe na vumbi lako lote la njiani. Barabara ya kutoka Tabora tunaijua. Mtu akishuka kwenye Landrova akiwa bado analikumbuka jina lake, huyo anastahili pongezi. Maji ya kunawa yapo, kuku wako amekwisha kuchinjwa, na asali ya mwaka huu imetoka nzuri.

Ratiba tuliyoletewa inasema risala yetu izungumzie tumbaku na mbolea. Tutaizungumzia, maana hatutaki kuitwa watovu wa fadhila. Tumbaku ndiyo iliyotuezekea mabati. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumekungoja tukiwa na la kuponywa. Jengo hili utakalolikatia utepe leo halikujengwa liwe ghala. Kabla mifuko ya mbolea haijaingizwa, lilikuwa chumba cha meno. Tulilifyatulia matofali kwa mikono yetu wenyewe, na likafungwa kwa sababu ya neno moja lililosikika vibaya.

Ombi letu tunalitaja mapema, usije ukachoka kabla hatujalifikia. Tunaomba chumba hiki kirudie kazi yake, na Dada Josepha aliyekuwa akitibu humu arudishwe, kabla Marcelina binti Mayala hajapotewa na meno kama alivyopotewa baba yake. Mengine yote utakayoyasikia ni maelezo ya ombi hilo.

TULIKOTOKA

Mbele ya jengo hili inapita njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Tabora ikaelekea Sikonge na kuendelea mpaka Ziwa Tanganyika. Babu zetu waliipita wakiwa na pembe za ndovu na majora ya nguo mabegani. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, yule mwongoza njia, na mkononi alishika pembe ya tandala. Akipuliza, wapagazi wanajitwika mizigo. Akipuliza tena, wanatua. Babu yake Mayala alikuwa kirangozi. Misafara ilipokwisha, pembe ikabaki nyumbani kwao, baba akampa mwana.

Mwaka 1974 tulipohamia kijijini, kila mtu akitoka pori lake, tulikuwa watu tusiozoeana. Mwingine nyumba yake ilikuwa huku, mwingine kule ng'ambo ya mbuga. Kengele hatukuwa nayo. Saa zilikuwa chache, na kila moja ilisema lake. Ndipo Mayala akaitoa pembe ya babu yake, ikawa mbiu ya kijiji. Mlio mmoja mrefu ni kwenda shamba la kijiji. Milio miwili mirefu ni mkutano. Milio mifupimifupi ya mfululizo ni hatari: simba, moto, mtoto kapotea, acha ulichoshika ukimbie. Watoto wa hapa huijua milio hiyo kabla hawajajua kuhesabu.

Mayala ni mtu wa maneno machache. Majivuno anayo kidogo, na yote alikuwa ameyaweka katika ile pembe. Alikuwa akituambia kwamba mbiu haipulizwi kwa mashavu kama watu wanavyodhani, inapulizwa kwa midomo, na midomo inategemea meno ya mbele kama ukuta unavyotegemea msingi. Meno yakiwa imara, alisema, hata upepo wa mbugani haukukatii mlio. Tena alikuwa mtunzi. Wageni wakija, yeye ndiye aliyetunga wimbo na kuuanzisha, na mkewe Koleta ndiye aliyeitikia wa kwanza, kwa sauti iliyotufanya sisi wengine tuone haya kuimba tukiwa tumesimama karibu naye. Binti yao, Marcelina, alikuwa akisimama katikati yao akipiga makofi.

Hao watu watatu, mgeni rasmi, ndio walioifanya Itongolo iwe kijiji. Kabla yao tulikuwa majirani tu.

MAFANIKIO

Shule tunayo, kisima tunacho, na mabani ya kukaushia tumbaku utaonyeshwa baadaye. Lakini fahari yetu kubwa ilikuwa chumba hiki. Kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha vyoo na kuchemsha maji, tukashukuru, ila hakuna aliyetukumbusha kwamba mdomo nao ni sehemu ya mtu. Tuliishi tukijua kwamba jino likiuma linang'olewa, na likilegea linasubiriwa.

Josepha alifika kwa baiskeli, sanduku la vyombo limefungwa nyuma kwa mpira. Ni mzaliwa wa Nzega, tabibu wa meno, msichana mwembamba mwenye kucheka haraka. Kitu cha kwanza alichotufanyia kilituudhi: alitukagua vinywa sisi wote, wazee kwa vijana, akatuambia kwamba zaidi ya nusu yetu tunaumwa fizi na hatujui.

Mayala yeye alijua. Fizi zake zilikuwa zikitoka damu tangu ujana, na asubuhi alikuwa akiamka na usaha mdomoni. Kwao ni ugonjwa wa ukoo. Baba yake aliondoka duniani akiwa mtu wa uji. Mayala alikwisha kujaribu chumvi, akajaribu majivu, akatafuna magome ya kila aina mpaka Shomari wa duka la ushirika akamwambia, "Mayala, meno yako yamejifunza ngoma kabla ya miguu." Watu walicheka na Mayala akacheka nao, kisha akaenda nyumbani akamwambia Koleta kwamba anaogopa. Koleta ndiye aliyemsindikiza hapa mlangoni.

"Shikamoo, baba. Kaa hapa, fungua kinywa," Josepha alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja uning'oe ya nyuma, yananisumbua. Ila ya mbele usiyaguse. Hayo si yangu, ni ya kijiji."

Josepha akacheka, kisha akachungulia kwa kioo chake kidogo, na kicheko kikamwisha. "Sing'oi kitu, baba," alisema. "Meno yako ni mazima. Kinachokufa ni pale yanaposhikwa."

Akamweleza, naye Mayala akaja kutueleza sisi mpaka tukakariri. Ukoga ukikaa muda mrefu unaganda kama jiwe na kushuka chini ya fizi. Fizi inaachana na jino, katikati panakuwa na mfuko, na humo usaha unatengeneza makao. Ukoga huo unaweza kukwanguliwa. Lakini mzizi wa jino ukishakwanguliwa hubaki na utando mwembamba usioonekana kwa macho, na fizi haishiki juu ya utando ule.

"Baba, wewe umejenga," Josepha alimuuliza. "Ukikwangua ukuta wa zamani, ukapaka udongo mpya juu ya vumbi, unashika?"

"Haushiki hata kidogo. Lazima uulowanishe kwanza, vumbi litoke."

"Basi na mimi nitaulowanisha mzizi wa jino lako. Kwa asidi ya ndimu."

Alikuwa na chupa ya chembechembe nyeupe, aliyoinunua mwenyewe kwa muuza dawa mjini Tabora. Aliziyeyusha kwenye maji safi mpaka maji yakawa makali. Alimchoma Mayala sindano ya ganzi, akaifungua fizi, akakwangua mizizi ya meno mmoja baada ya mwingine, akaikausha. Kisha akachovya kipande cha pamba katika maji yale makali, akakibana juu ya mzizi, akamwambia asitikisike na asali Baba Yetu moyoni polepole mpaka amwambie basi. Waislamu wetu aliwaambia wasome Alhamdu. Baadaye akasuuza, akairudisha fizi mahali pake, akaishona. Mayala anasema uchachu ule ulimtoa machozi mpaka masikioni.

Tunaomba utusikie vizuri hapa, mgeni rasmi: Josepha hakumdanganya mtu. Alisema njia hii bado inajaribiwa huko duniani, kwamba wapo wataalamu wanaoisifu na wapo wasioona tofauti, na kwamba bila kuacha kiko na kupiga mswaki kila siku, pamba yake haitafua dafu. Mayala akaacha kiko. Mkulima wa tumbaku asiyevuta alikuwa kioja hapa, na Shomari hakuacha kumwuliza kama sasa anavuta ugali.

Palikuwa na jambo moja la kuamua, nalo ndilo linalomnyima Mayala usingizi. Waanze na meno yapi? Mayala alitaka ya mbele. Josepha akasita.

"Tuanze na ya nyuma kulia, baba. Tuone kinywa chako kinaipokeaje dawa. Ya nyuma tukiyakosea, utatafuna upande mmoja. Ya mbele tukiyakosea, kijiji kitakosa mbiu."

Mayala alikubali. Nasi tuliposikia tulimsifu Josepha kwa busara, na mpaka leo hatuoni alikosea wapi. Upande wa kulia ulitibiwa, ukapona. Damu ilikoma, usaha ukakoma, na siku moja Mayala alisimama hapa uwanjani akatafuna hindi la kuchoma kwa upande ule sisi tukimtazama kama watu wanaotazama mpira. Kama ilikuwa dawa, au kule kukwangua, au kuacha kiko, hatujui na hatudai. Tunajua tu kwamba meno yalishika. Ya mbele yalipangiwa kufanywa baada ya mavuno.

WIMBO

Mgeni rasmi, hapa tunaomba uvumilivu wako, maana ndipo palipoharibika.

Josepha alikuwa na dawa za namna namna: ya ganzi, ya kusukutua, na hii ya ndimu. Ili tusichanganye, hii aliiita dawa ya mzizi. Jina lilituingia, likawa letu. Mtu akiulizwa anakwenda wapi, alijibu anakwenda kupakwa dawa ya mzizi, na hapakuwa na mtu Itongolo aliyeelewa vingine.

Zikaja habari kwamba wageni watapita kukagua huduma za afya vijijini. Hatutawataja walitoka ofisi gani. Walikuwa watu wa kazi kama wewe, na walifanya walivyoona ni haki. Mayala alisema Josepha hana ndugu hapa wa kumsemea, kwa hiyo sisi ndio tumsemee, tena kwa wimbo. Akaketi na Koleta kutunga. Aliimba "dawa ya mzizi" mara ya kwanza, na Koleta akamsimamisha.

"Hapana. Neno hilo linanifumba mdomo. Pale ndipo ninapotaka kuvuta sauti, nami nitavutaje 'm'? Nipe neno la kufungua."

Ni kweli, ngoma yetu inataka mwitikiaji avute sauti palepale. Mayala akafikiri kidogo, akasema, "Basi imba 'mizizi'. Meno si mengi? Na mizizi ni mingi." Koleta akavuta: *mii-zizi*. Ikatoka tamu. Hivi ndivyo wimbo ulivyokuwa:

*Josepha mama wee, una dawa ya mizizi,*
*Tuliolegea jana, leo tumeshika ardhi.*

Siku ilipofika tuliimba kwa moyo wote. Josepha mwenyewe alikuwa mlangoni akipiga makofi, haya imemjaa. Tukaona wageni wanainamiana, wananong'onezana, tukadhani wanausifu wimbo. Kiongozi wao akasimama.

"Hiyo dawa ya mizizi mnapewa humu ndani?"

"Humuhumu!" tukajibu kwa sauti moja.

"Na anayewapa ni huyu binti, mfanyakazi wa Serikali?"

"Ndiye huyo!"

"Mizizi yenyewe anaichimba wapi?"

"Mdomoni!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Alikuwa anasema kweli tupu, lakini mgeni yule aliona anafanyiwa mzaha, akakunja uso.

Wewe ni mtu wa lugha hii, mgeni rasmi. Unajua mtu akisema dawa ya mizizi anamaanisha nini. Waganga wetu wa miti shamba tunao na tunawaheshimu, lakini mahali pao si chumba cha Serikali, na tabibu wa Serikali akikutwa anapika mizizi ana kesi. Wageni walisikia hivyo. Josepha aliposhtuka alikimbia ndani akaleta chupa yake. Haikuwa na karatasi ya kiwanda, alikuwa amepimiwa kutoka kopo kubwa la muuza dawa. Mmoja wao akainusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. "Hii ni ndimu ya unga," alisema. "Mke wangu hutia kwenye achari."

"Ni dawa ya mzizi, ndugu, siyo ya mizizi," Josepha alisema. "Mzizi wa jino. Mmoja mmoja."

"Binti, sisi tumesikia kwa masikio yetu. Kijiji kizima hakiwezi kuimba uongo."

Mayala alijitokeza kueleza. Alifungua kinywa awaonyeshe upande wa kulia. Mwenyekiti Selemani naye alieleza, sisi sote tulieleza kwa pamoja, na kadiri tulivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kuamini kwamba tunamficha mganga wetu. Chumba kikafungwa mpaka uchunguzi ufanyike. Vyombo vikapakiwa. Josepha akaambiwa apande gari lilelile. Mayala alimfuata mpaka dirishani, pembe ingali shingoni mwake.

"Baba," Josepha alimwambia, "usipulize kwa nguvu mpaka nirudi."

Tulituma wajumbe mjini zaidi ya mara moja. Walipokewa kwa adabu, wakaambiwa uchunguzi unaendelea. Josepha tunasikia kahamishiwa mkoa mwingine, anaandika majina ya wagonjwa mapokezi, haruhusiwi kushika chombo.

MATATIZO

Shida ya kwanza ni kwamba meno ya mbele ya Mayala hayakuungoja uchunguzi. Yaliendelea kulegea, ya juu kwa ya chini. Kwa mazungumzo ilikuwa tabu kidogo tu. Kwenye mbiu ilikuwa msiba. Midomo ilikosa pa kuegemea, na mlio mrefu aliouanza vizuri ulikatikakatika njiani ukawa vipande vifupi. Sasa hebu fikiria mwenyewe. Anatuita shambani, sisi tunasikia hatari. Tulikuwa tukitoka mbio na mapanga na ndoo, wengine nguo nusu, tukimkuta amesimama na jembe lake, macho chini.

Mwanzoni tulicheka. Shomari alikuwa akimwuliza, "Leo ni simba, Mayala, au ni jembe?" Halafu tukachoka kukimbia. Tukazoea kusubiri kidogo na kuulizana. Hatukupiga kura kuhusu jambo hilo, lilikuja tu lenyewe, kama njia ya mkato inavyotokea shambani.

Koleta alimshauri aiache pembe. "Mpe Marcelina," alisema. "Ana pumzi kukuzidi." Wazee wengine walinung'unika kwamba tangu lini mwanamke akapuliza pembe ya kirangozi. Mayala aliwajibu kwamba tangu lini kirangozi akakosa meno. Akaanza kumfundisha binti yake, jioni jioni, lakini mbiu ya kijiji aliipuliza yeye bado, maana mtoto hakuwa ameiva, na tuseme kweli, majivuno yalikuwa hayajamwisha.

Mgeni rasmi, mabani ya tumbaku yana mabomba ya chuma yanayopitisha moto chini, na majani yananing'inia juu. Jani moja likidondoka kwenye bomba lililokolea moto, bani linaweza kushika. Mchana ule Koleta alikuwa zamu. Alikuwa ndani akiangalia majani. Mayala alikuwa anatoka kisimani alipouona moshi, na alipofika mlango ulikuwa umekwisha kuzibwa na miti iliyoanguka kutoka darini, na Koleta yuko upande wa pili anamwita kwa jina.

Akapuliza pembe. Milio mifupimifupi ya mfululizo, kama ipasavyo. Sisi tulikuwa shamba la mahindi la kijiji, si mbali, na tuliisikia vizuri. Tukasema, "Huyo Mayala anatuita mkutanoni." Tukamaliza mistari yetu, tukafuta majembe.

Tulikuja tukitembea.

Moshi tuliuona tulipovuka mti wa mwisho, hapo ndipo tulipokimbia. Tulimkuta mikono imeungua mpaka viwikoni kwa kuvuta ile miti. Alikuwa akivuta, akiacha, akipuliza, akivuta tena. Damu ilimtiririka kidevuni, na meno mawili yalikuwa yamedondoka juu ya shati lake. Aliendelea kupuliza hata baada ya sisi kufika, kana kwamba hajatuona. Ilibidi Selemani amshike mabega na kumwambia, "Tumekuja, ndugu yangu. Tumekuja." Koleta alikuwa ameacha kuita.

Tulimzika Koleta kando ya njia ya misafara. Sisi tunaosomewa sala tofauti tulisimama pamoja, padri upande mmoja na shehe upande mwingine. Tunalia mpaka leo, hatuoni haya kukuambia. Shomari hajamtania mtu tangu siku hiyo.

Shida ya pili ndiyo iliyotuleta mbele yako. Marcelina ndiye mpiga mbiu wetu sasa. Mlio wake ni safi, unavuka mbuga na kurudi. Lakini mapema mwaka huu shangazi yake aliona damu kwenye mto wa kulalia, na meno mawili ya juu mbele yameanza kuachiana nafasi. Ni ugonjwa wa ukoo, umemfikia na umri wake bado mbichi. Tulimpeleka alikoweza kutazamwa. Walimpokea vizuri, wakamwambia likilegea sana arudi ling'olewe. Josepha angesema vingine. Pengine angeshindwa, hatujui. Lakini angejaribu, na safari hii tungemwambia aanze na ya mbele.

Mayala anaishi na Marcelina. Yale meno ya nyuma kulia yamebaki, imara, anatafunia hayohayo. Kila asubuhi anamwambia binti yake afungue kinywa, anatazama, kisha anakwenda shamba.

Kuhusu tumbaku, kama tulivyoahidi: mavuno ni mazuri, mbolea tunaihitaji na tunashukuru imefika. Mizizi ya tumbaku yetu itapata chakula.

MAOMBI

Mifuko ya mbolea, mgeni rasmi, inaweza kukaa katika ghala la zamani la ushirika. Tumekwisha kulifagia na kuziba matundu ya panya. Utepe unaweza kuukata kulekule, hatutajali. Chumba hiki tunaomba kiwe cha meno.

Dada Josepha tunaomba umtafute, umsikilize mwenyewe, kisha umpe ruhusa ya kushika vyombo vyake. Kama dawa ile haistahili kutumika, wataalamu watuambie kwa sababu ya dawa yenyewe. Isiwe kwa sababu ya jina tulilolivuta sisi ili wimbo upendeze. Na afanye haraka kuja, maana meno hayajui uchunguzi unaendelea.

Tulipokuwa tukiandika risala hii tulimwita Mayala, tukamwuliza yeye binafsi tumwombee nini. Meno ya bandia? Fidia ya bani? Alitujibu kiganja kikiwa mdomoni, kama alivyozoea sasa. Maneno yake tunayaleta kama alivyoyasema:

"Mimi msiniombee kitu. Niombeeni Josepha, amtibu mwanangu. Mkimpata, mwambieni aliyeweka wingi pale ni mimi, na Koleta hakuwa na kosa, alitaka tu kufungua mdomo. Basi. Na mkimwombea, someni polepole, neno kwa neno. Msiimbe."

Mwenyezi Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akupe meno ya kulia mahindi ya uzeeni, na awape wanao fizi za kuyashika. Kwenye ratiba uliyonayo, baada ya risala pameandikwa kwamba wanakijiji watatumbuiza kwa wimbo. Utusamehe, mgeni rasmi. Hakutakuwa na wimbo.

Ni sisi,
Wanakijiji wa Kijiji cha Ujamaa Itongolo.